Njia Inayongoja Jibu

Kinywa cha Odeta kilifunguka, kidevu chake kikabaki kwenye wimbo uliopita.

Ndivyo nilivyomwona kwenye kioo cha kompyuta Alhamisi ile asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi mwangu. Nusu ya juu ya uso wake ilikuwa ikiimba juu ya miamba ya ziwani, jua limemkalia kwenye paji. Nusu ya chini ilikuwa vigae vya kijani na zambarau, vimepangana kama sakafu ambayo fundi ameiacha njiani. Kisha vigae vikatawanyika, Odeta akarudi mzima, akatabasamu kana kwamba hakuna lililompata. Sauti haikukatika. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu aliyekuwa akisikiliza tu kutoka mlangoni angeapa kwamba wimbo uko salama.

"Rudisha," nikamwambia Salehe.

Salehe ndiye aliyekuwa mhariri wetu, mtu wa maneno mengi na vidole vyepesi. Akarudisha. Vigae vikaja palepale, kwenye neno lilelile.

"Kioo kibovu," akasema.

"Kioo kingekuwa kibovu kingeharibu kila mtu. Mbona kinamchagua Odeta?"

"We Ng'washi, weka chai hapo ukafagie. Macho yako hayo yatatuletea balaa."

Nikaweka chai. Kufagia sikwenda.

Nilikuwa na mwaka wa pili pale studio, Mabatini. Niliingia kwa ufagio na birika, na darasa la saba langu. Mama Wilhelmina, mwenye studio, hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama naweza kukaa na kitu kimoja bila kuchoka. Nikamwambia naweza, na sikuwa nasema uongo: nimekulia kwa shangazi yangu Igombe, nikilinda dagaa walioanikwa mchangani, na kunguru wa Igombe anangoja ugeuze shingo tu. Basi akanipa kadi za kamera. Wapiga picha wakirudi kutoka shughulini, mimi napokea kadi, nanakili kilichomo kwenda mashine mama, nahakikisha kimefika, nafuta kadi, nazirudisha zikafanye kazi nyingine.

"Ukifuta umefuta," aliniambia siku ya kwanza. "Hakuna wa kukurudishia."

Nilichokitaka sikumficha mtu. Nilitaka kukaa mezani na Salehe, nijifunze kukata na kuunga picha. Nilikuwa nimekwisha kuangalia kwa kusimama kiasi cha kutosha. Mama alikuwa amenipa neno lake: kazi ya kwaya ya akina mama wa Kiseke, kwaya ya Odeta, ikitoka kwa wakati, kiti ni changu. Nyimbo kumi na mbili, kila wimbo umepigwa kwa kamera tatu, na uzinduzi Jumapili. Kisha, usiku wa kuamkia Alhamisi hiyo, Mama akapanda meli kwenda Bukoba kwenye msiba wa wifi yake, simu yake akaiacha izime katikati ya ziwa kama kawaida yake.

Ufunguo wa kabati aliondoka nao pia, ndani ya pochi. Kabati lenyewe lilikuwa la nondo, kwenye chumba chetu cha zamani, juu ya duka la vifaa vya umeme, na ndani yake ilikaa mashine mama, iliyobeba kazi zote za studio; kompyuta zetu za mezani hazikuwa na nafasi hiyo, na bila ufunguo hakuna aliyeweza kuchomeka kadi mle. Wezi walikuwa wamewahi kututembelea. Sisi wenyewe tulikuwa tumehamia chumba kikubwa zaidi ng'ambo ya barabara. Mwanzoni vyumba viwili viliunganishwa kwa waya uliopita hewani, mpaka lori lililosheheni magodoro likaja likaukwanyua, likaondoka nao hadi Igoma kwa maelezo ya watu. Ndipo Elias akaletwa.

Elias alikuwa kijana anayesoma Nyegezi, mpole, anayezungumza na mitambo kama mtu anayemsihi mbuzi aingie zizini. Akafunga visahani viwili vyeupe, kimoja huku na kimoja kule, vikatazamana juu ya vichwa vya wapita njia. Mafaili yakaanza kuvuka barabara bila waya. Akasema yanaweza kuvushwa kwa njia mbili, na kwamba lazima mwenye mali achague. Akazipima zote mbili mbele ya Mama. Njia moja ilimaliza wakati nyingine iko nusu.

"Weka hiyo inayokimbia," Mama akasema, hata kabla hajaketi. "Mjini hapa ukichelewa unazikwa na njaa yako."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tumechagua. Na sasa nilikuwa nimesimama mbele ya uso uliokatika.

Nikaitafuta kadi. Bahati, nilikuwa sijazifuta za kazi ya kwaya. Zilikuwa kwenye mkebe wangu, zikingoja harusi ya Jumamosi. Nikaichomeka ile yenye wimbo wa nane, wa Odeta, nikautafuta mwamba, nikalitafuta neno. Odeta akaimba na kidevu chake. Mzima, jasho likimeta juu ya mdomo, ziwa likipumua nyuma yake.

"Kadi ni nzima," nikasema. "Nakala ndiyo mbovu."

Salehe akaacha kutafuna.

Tukaangalia wimbo wa tisa: mguu wa mpiga ngoma umeliwa. Wa kumi ulikuwa safi. Wa kumi na moja, kwenye kamera ya pili, mawingu yalikuwa yamegeuka matofali. Na kila faili, ukiliuliza ukubwa wake, lilijibu sawasawa na la kwenye kadi. Mzigo ulikuwa umefika na uzito wake, ndani kuna matundu.

Elias alifika Ijumaa asubuhi, mkoba mgongoni, viatu vimejaa vumbi la Nyegezi.

"Shikamoo kaka Salehe. Dada, habari za hapa?"

"Mbaya," nikamjibu, nikamwonyesha.

Aliinama kwenye kioo, akaangalia. Mimi nilikuwa nimeshamhukumu Mihayo, mchomeleaji wa mageti aliyekuwa chini yetu. Niliona cheche zake, nikaona taa za visahani zikipepesa, nikaviunganisha. Nikamwambia Elias hivyo. Akatabasamu, akanyoosha simu yake.

"Mihayo hana kosa, dada. Soma hapa."

Kwenye simu kulikuwa na orodha ndefu ya mitandao ya hewani ya mtaa ule. Saluni. Zahanati. Bucha. Duka la simu. Mmoja mwenyewe ameuita *Kanunue Yako*, mwingine *Usiniibie Jirani*. Orodha ilishuka, ikashuka, na yote ilikuwa ikizungumza kwa wakati mmoja kwenye hewa ileile ambayo mafaili yetu yalikuwa yakijaribu kuvuka.

"Siku ulipopima hawakuwepo hawa?"

Elias akakuna shingo. "Nilipima Jumapili."

Nikaelewa, na Salehe naye akaelewa, akapiga paja lake akacheka mpaka akakohoa. Jumapili! Tulimwita Jumapili kwa sababu ndiyo siku isiyo na wateja. Na wenzetu wote vivyo hivyo: saluni imefungwa, bucha imefungwa, duka la simu limeshusha chuma, mtaa mzima uko kanisani au umelala. Tulikuwa tumepima barabara siku ambayo haina gari.

"Nilipima hewa ya Mungu," Elias akasema, naye akicheka. "Ni kosa langu. Mama alitaka majibu na mimi nilikuwa na mtihani Jumatatu."

"Nieleze hizo njia mbili," nikasema. "Nieleze mimi, maana Mama hayupo."

Akavuta kigoda. Alikuwa na subira ya kueleza, na mimi nilikuwa na subira ya kusikia.

"Umewahi kuona mafundi wakirushiana tofali kwenda ghorofani?"

"Nimeona."

"Hii tuliyoiweka, inaitwa UDP. Wa chini anarusha tu. Amedaka hajadaka, yeye ameshachukua lingine. Ndiyo maana inakimbia. Juu kuna msimamizi anayehesabu, ila yeye hahesabu tofali, anahesabu toroli zima. Tofali moja likianguka, toroli zima linatupwa, anadai lirushwe upya. Barabara ikiwa tulivu hulijui hilo. Barabara ikiwa na fujo, matofali yanaanguka kila toroli, kazi ni kurudia na kurudia."

"Na matundu?"

Akashusha sauti. "Mimi nilimwambia msimamizi akidai mara kadhaa bila kupata, aache, aendelee. Ili kompyuta zenu zisigande. Akiacha, pengo linabaki ukutani."

"Ya pili?"

"TCP. Huyo hasogei mpaka wa juu aseme nimelipata. Likianguka moja, anarudisha hilo moja. Akiona wa juu anaelemewa, anapunguza mwendo mwenyewe. Na msimamizi nitamwambia asiache kamwe."

"Kwa hewa hii ya leo, itachukua muda gani kunakili kadi zote upya?"

Akatazama nje, kule kisahani kilikokuwa kikitazamana na mwenzake juu ya mwavuli wa muuza vocha. "Leo yote. Na kesho labda yote. Hewa ndiyo itakayosema."

Salehe akasimama. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Sikilizeni, mabwana na mabibi. Mimi nina uzinduzi Jumapili. Kadi zinatakiwa Nyegezi kesho asubuhi, kuna bibi harusi pale. Ng'washi, nikushauri kama kaka yako. Nakili tena kwa ileile ya mbio, pengine safari hii itatoka vizuri. Kwenye tundu nitaweka mawimbi. Nitaweka ndege, nitaweka mtumbwi unapita. Nani atajua kuwa kidevu cha Odeta kilikuwa wapi? Futa kadi, peleka Nyegezi, Jumapili watu wapige vigelegele, wewe ukae hapa." Akapiga kwa kiganja meza, pale kando yake. "Hapa."

Nilikuwa nakiangalia kile kiti. Kilikuwa cha plastiki, cha bluu, kimepasuka kwenye kona, na nilikuwa nimekitamani kuliko nguo yoyote. Salehe hakuwa mtu mbaya. Mawimbi yake yangependeza. Lakini matundu tuliyoyaona ni yale yaliyopita mbele ya macho yetu. Yale ambayo hatukuyaona, nani angeyawekea ndege? Na nikishafuta kadi, hakungekuwa na mahali popote duniani ambapo Odeta anaimba neno lile akiwa na uso mzima.

"Elias," nikasema, "badilisha. Weka ile inayongoja."

"Dada, Mama alisema..."

"Mama alichagua kwa hewa ya Jumapili. Leo ni Ijumaa. Weka."

"Na kadi?" Salehe akapaza sauti. "Bibi harusi apigwe picha kwa kijiko?"

"Kadi hazitoki hapa mpaka zifike kule."

"Ng'washi!"

"Kaazime kwa akina Abubakary."

Studio ya Abubakary ilikuwa mwisho wa mtaa, wapinzani wetu wa siku zote. Salehe alinitazama kama niliyemwambia akaombe chumvi kwa aliyemkimbizia mke. Akatoka, ngazi zikilia chini ya viatu vyake. Aliporudi alikuwa na kadi mfukoni na uso wa mtu aliyeng'ata ndimu.

"Amenipa," akasema. "Ila amenipa mbele ya wateja wake. Amesema nikuambie kuwa kwake kuna nafasi ya kufagia."

Elias alikwisha kuandika mistari yake michache. Nikachomeka kadi ya kwanza. Kile kimstari cha kijani kikaanza kutambaa kwenye kioo, kikasimama, nikadhani kimekufa, kikatambaa tena. Kilikwenda kama mwanamke aliyebeba ndoo kichwani kwenye matope, hatua halafu kituo. Nikavuta kigoda changu, nikakaa, nikafanya ile kazi niliyoijua: kuangalia kitu kimoja.

Alasiri akaja Mama Evelina, mwenyekiti wa kwaya, na kanga yake ya kwaya begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mali yangu iko wapi?"

Salehe akawa na shughuli kubwa ghafla chini ya meza. Nikasimama mimi.

"Mama, nyimbo nyingi zitakuwa tayari. Ule wa nane una mzigo mkubwa kuliko zote; tukiutanguliza utazuia nyingine, kwa hiyo hautakuwa tayari Jumapili."

Hakukaa. "Wa nane upi? Wa Odeta?"

"Wa Odeta."

"Mwanangu, wageni wanakuja kwa ajili ya huo! Tumeutangaza huo. Kuna watu wanatoka Magu." Akamgeukia Salehe. "Baba, huyu ni nani?"

"Ndiye mwenye kadi, mama," Salehe akasema kutoka chini ya meza, na hadi leo sijui kama alikuwa ananisaidia au ananitupa.

Nikamkaribisha Mama Evelina kwenye kioo, nikamwonyesha nakala ya zamani. Aliona uso ukikatika. Mkono wake ukapanda kwenye kidevu chake mwenyewe. Kisha nikamwonyesha kutoka kwenye kadi.

"Tunaweza kukupa Jumapili," nikamwambia, "ila kwenye tundu tuweke mawimbi. Au ukingoja tukupe Odeta."

"Na hii ya mawimbi, baadaye mtamrudisha Odeta?"

"Hapana, mama. Ukiipokea ya mawimbi kazi imefungwa, kadi zinafutwa. Nikishafuta hii ndiyo basi."

Chini, Mihayo alikuwa akigonga chuma, na bodaboda zikipigiana honi. Nilijua akisema Jumapili, ni Jumapili, na sikuwa na nguvu ya kumkatalia mwenye wimbo wake. Nilijua pia kwamba akisema angoje, Mama Wilhelmina atanikuta na kazi iliyochelewa.

"Mnanitia aibu mbele ya wageni," akasema hatimaye, si kwa ukali, kwa uchovu. "Haya. Nitangoja. Lakini isije ikawa ngoja ya mafundi nguo."

Akaondoka bila kuaga, nami sikumlaumu.

Kimstari kilitambaa Ijumaa mpaka maduka yakafunga, na hewa ilipotulia kikapata mbio kidogo. Jumamosi mtaa ukaamka, kikaanza tena kusimama na kutembea. Salehe alikata wimbo mmoja mmoja kadiri ulivyofika, akinung'unika, lakini alikata vizuri. Elias alikaa pembeni akisoma daftari lake la mtihani, akiinuka kila mara kutazama taa. Hakuna faili lililopita bila mimi kuliangalia lote, kamera zote tatu, mwanzo mpaka mwisho. Macho yaliniwasha kama niliyekaa penye moshi wa kuni. Wimbo wa nane ulimaliza kuvuka Jumamosi jioni. Ulikuwa mzima. Wa kuukata hakuwepo tena; Salehe alikuwa amelala, kichwa juu ya meza, na sikumwamsha.

Jumapili nilikwenda Kiseke. Ukumbi ulijaa, viti vya plastiki mpaka nje, watoto wamevaa soksi nyeupe. Nyimbo zikapita ukutani moja baada ya nyingine, miamba na maji na magauni ya bluu, watu wakashangilia. Ulipoisha wa saba, ukuta ukawa mweupe. Mama Evelina akachukua kipaza sauti.

"Wa nane mtausikia kwa vinywa vyetu. Picha yake inakuja."

Mwanamume mmoja nyuma yangu akacheka puani. "Studio za mjini hizo. Longolongo."

Akina mama wakainuka. Odeta akasogea mbele, bila mwamba, bila ziwa, taa ya ukumbi ikimfanya aonekane mdogo. Akaimba. Aliimba vizuri, lakini si kama siku ile kwenye miamba. Koo lilikuwa limechoka na nyimbo za ibada, na pale kwenye lile neno sauti ilimpasuka kidogo, akaipitisha haraka. Watu wakapiga makofi ya heshima. Nilisimama mlangoni, kanga nimeikaza, nikayameza yale ya yule mwanamume na makofi yale. Niliijua sauti iliyokuwa kwenye kadi. Wao hawakuijua bado.

Mama Wilhelmina alishuka melini Jumatatu asubuhi, akaja moja kwa moja, mfuko wa senene, wale panzi wa kukaanga wa Bukoba, mkono mmoja na pochi mwingine. Alikuwa ameshasimuliwa. Mjini habari haingojei mtu ashuke ngazi.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa. Tulikubaliana nini mimi na wewe?"

"Kazi ikitoka kwa wakati."

"Imetoka?"

"Haijatoka yote, mama."

"Basi."

Akaweka senene mezani. Salehe akaufungua mfuko. Mimi nilisimama palepale. Nilikuwa nimejiandaa kulia na chozi halikuja. Kilichokuja ni kitu kigumu, kama mtu anapokanyaga sakafu gizani akakuta kumbe ipo.

"Nionyeshe huo wa nane," akasema.

Aliuangalia kwa kamera ya kwanza. Akauangalia kwa ya pili. Kwa ya tatu akavuta kiti, akaketi, na pochi bado begani. Odeta alipofika kwenye lile neno, ziwa likiwa nyuma yake na jua kwenye paji, Mama akasogeza uso karibu na kioo. Salehe alikuwa amesimamisha mkono hewani na senene mmoja kati ya vidole.

Kiti nilikuja kukipata baadaye sana, mvua za vuli zilipoanza, bila hotuba. Asubuhi moja nilikuta tu Salehe amesogeza vitu vyake. Lakini siku ile sikukipata, na Mama hakunisifu. Alimgeukia Elias, aliyekuwa ameganda karibu na dirisha.

"Ile inayokimbia iko wapi?"

"Tuliitoa, mama. Dada alisema."

"Iondoe kabisa. Mtu asije akairudisha nikiwa safarini." Akasimama, akanyoosha gauni. "Kamera zinatoka mchana kwenda Sengerema. Wape kadi."

Nikafungua mkebe. Nikachomeka kadi ya kwanza, mashine ikaniuliza kama nina hakika nataka kuifuta. Nikabonyeza ndiyo. Nikachomeka ya pili.